Baiskeli Begani

Tanga ni mji wa baiskeli. Ardhi ni tambarare, barabara za Ngamiani zimenyooka, na baiskeli pale ina kazi moja tu, kubeba. Inabeba madumu ya maji, magunia ya mkaa, trei za mayai, mke aliyekaa upande kwenye keria na mtoto mbele kwenye bomba. Mjomba wangu aliwahi kuhamisha kabati la milango miwili kwa baiskeli ya Phoenix, mwenyewe akitembea pembeni ameshika usukani, na hakuna aliyegeuka kumtazama. Kwa hiyo nilipowapigia simu nyumbani kuwaeleza kwamba nimejiandikisha kwenye mashindano ya baiskeli za milimani huku Uswisi, wote walifurahi, mpaka nilipofika pale pa kueleza kwamba kuna mahali mshindani hushuka, akaitia baiskeli begani, akapanda nayo mlima.

"Mwanangu," mama akasema, "baiskeli hiyo umeinunua ikubebe au uibebe?"

Mjomba akachukua simu, akauliza kama nimelipwa. Nikamwambia kwamba mimi ndiye niliyelipa, tena mapema ili kuwahi nafasi. Akamrudishia mama simu yake bila neno.

Mashindano yenyewe yanaitwa Grand Raid, na kwa kawaida hufanyika Agosti katika jimbo la Valais, kutoka Verbier hadi kijiji cha Grimentz, kilomita 125. Urefu huo haumtishi mtu wa Tanga. Mtajie kilomita 125 atakuuliza tu unapeleka nini. Kasheshe iko kwenye kupanda. Ukijumlisha miinuko yote ya njiani unapata mita 5,025, yaani ni kama umeondoka ufukweni Mombasa ukaukwea Mlima Kenya, wakakusamehe mita 174 za mwisho. Na huko mwishoni, miguu ikiwa imeshakususa, ndipo unapokutana na Pas de Lona, mita 2,787 juu ya usawa wa bahari, njia ya mawe iliyosimama kiasi kwamba hata vijana wa mbele wanaolipwa kwa kazi hii hushuka wakatembea. Oksijeni unayoivuta kule kwa pumzi moja haifiki robo tatu ya ile ya Raskazone, ufukweni kwetu Tanga.

Kubeba baiskeli, nimekuja kufundishwa, ni ufundi. Ukiliweka bomba vibaya linakukata shingo, na pedali ina njia zake za kutafuta uti wa mgongo. Mimi naishi Lausanne, ghorofa ya sita. Nikaona ngazi za jengo letu zinatosha kabisa, nikawa jioni nikitoka kazini naitupia begani na kupanda. Jirani wa ghorofa ya pili, mzee mmoja mstaarabu sana, akafungua mlango.

"Bwana, lifti imeharibika?"

"Hapana, mzee. Inafanya kazi."

Akaitazama lifti, akanitazama mimi ninavyotiririka jasho, akaenda mwenyewe kuibonyeza. Ilipofika alinishikia mlango. Sasa utamwambia nini mtu wa umri ule? Nikaingia, nikapanda nayo mpaka juu, kisha nikashuka kwa miguu polepole, kwa kunyata, ili nianze upya. Siku chache baadaye msimamizi wa jengo alibandika karatasi ukutani: lifti imekaguliwa, ni salama kwa wakazi wote, na baiskeli zinaruhusiwa. Neno "wote" lilikuwa limepigiwa mstari.

Kwenye suala la uzito ndiko nilikogombana na ukoo mzima. Wapanda baiskeli wa milimani wana imani kwamba kila kilo unayoipunguza inakurahisishia mwinuko, na kwa kuwa kuipunguza kwenye baiskeli ni gharama kubwa kuliko kuipunguza kwenye tumbo, nikaanza na tumbo. Huku Lausanne watu walinisifia. Tanga waliponiona kwenye simu ya video ilikuwa msiba. Shangazi aliuliza kama kazi bado ninayo. Mama akataka nisimame, nigeuke, nionyeshe mgongo. Bahati mbaya nilikuwa nimetoka mazoezini, nimevaa ile bukta ya kubana yenye mikanda ya mabegani na mto mnene wa sponji makalioni, nguo ambayo huvaliwa bila kitu ndani na ambayo haikushonwa ikikusudiwa kutazamwa na shangazi. Simu ikakatika. Mpaka leo shangazi anadai ilikuwa mtandao.

Wiki hiyohiyo mama alimpata mtu anayesafiri, akanitumia halua, kashata za nazi na tende. Nawaambieni, wataalamu wa mchezo huu wanashauri mshindani ale wanga wa gramu 60 hadi 90 kila saa, na madukani wanauza vijipakiti vya uji mtamu unaonata, bei yake ukiibadilisha kuwa shilingi unapata mlo wa familia. Nikaijaribu hazina ya mama badala yake. Halua iliyeyuka mfukoni ikapenya mpaka kwenye simu. Kashata, kwa baridi ya asubuhi ya milimani, ilikuwa ngumu kuliko njia yenyewe. Tende zilishinda. Tende haimwagiki, haiyeyuki na haihitaji kuchanwa kwa meno huku unashuka. Ina kokwa, ndiyo, lakini kutema kokwa huku unaendesha ni jambo ambalo mtoto wa pwani hahitaji kocha kulifanya.

Sasa tairi. Baiskeli nyingi za milimani siku hizi hazitumii tyubu. Ndani ya tairi unatia dawa nyeupe, nzito kiasi, na ukichomwa na mwiba dawa inakimbilia tundu na kuliziba yenyewe. Fundi wa baiskeli wa Ngamiani, anayeishi kwa pancha, akisikia habari hii ataandamana. Tatizo ni kwamba ili tairi lishike ringi barabara unahitaji upepo mwingi kwa mpigo mmoja, na likishika linalia mlio mkali, ndiyo dalili kwamba limekaa. Fundi wa hapa alikuwa amejaa kazi mpaka mwezi ujao. Nikaifanya kazi jikoni, Jumapili, pampu ya tangi katikati ya miguu, sufuria ya pilau motoni inapumua. Nikafungua upepo. Mlio wa kwanza ukalia, vizuri. Wa pili ukalia, vizuri zaidi. Wa tatu haukuwemo kwenye maelekezo. Tairi liliruka kutoka kwenye ringi, na dawa yote ikaenda darini, ikatulia kidogo, kisha ikaanza kudondoka, tone baada ya tone, juu ya jokofu, juu ya kichwa changu, juu ya mfuniko wa pilau ambao, namshukuru Mungu, nilikuwa nimeubana.

Mlango ukagongwa. Alikuwa bibi wa ghorofa ya chini, kavaa ndara na koti la kulalia. Alinikuta nimetapakaa mabaka meupe kutoka nywele hadi magoti. Akauliza kwa upole kama nimeumia. Nikamwambia sijaumia. Akauliza kama kuna mwingine aliyeumia. Hakuna. Akavuta pumzi ya shukrani, kisha akanikumbusha kwamba leo ni Jumapili na Jumapili hatupigi kelele.

Pilau tulikula naye.

Mwezi Julai nikaenda kuisoma njia. Basi la njano la posta linapanda bonde la Hérens likiwa limebeba baiskeli nyuma, na kwenye kona kali dereva anapiga ile honi ya noti tatu waliyoichukua kwenye muziki wa Rossini, kwa hiyo kichefuchefu chako kinasindikizwa na opera. Nikashuka Evolène, nikaanza kupanda. Mambo yalikwenda salama mpaka malishoni.

Ng'ombe wa Hérens usiwadharau. Ni weusi au wa hudhurungi iliyoiva, wafupi, wenye vifua, na kazi yao mashuhuri ni kupigana. Majike yenyewe kwa yenyewe hupigana kugombea uongozi wa kundi, watu hulipa kiingilio kuwatazama, na mshindi huitwa malkia. Mmoja wao alikuwa amesimama katikati ya njia. Kwa kuwa hakuna aliyekuwa akinisikia nilimwamkia shikamoo. Akaja. Akanusa baiskeli kuanzia gurudumu la mbele, akafika kwenye mipini ya usukani iliyolowa jasho langu, akaanza kuilamba kwa ulimi ule wa msasa, taratibu, mkono wa kulia kwanza, kisha wa kushoto, kisha siti. Chumvi ndiyo aliyokuwa akiitafuta. Nilisimama nikimsubiri malkia amalize.

Alipoondoka nikasukuma baiskeli iliyojaa mate kuelekea kwenye ua wa waya. Waya zile zina umeme. Pana mpini wa plastiki wa kufungulia, nami niliushika kwa adabu zote, lakini usukani wenye mate ukagusa waya upande wa pili. Nikatamka neno ambalo mama hajui kama ninalijua. Kundi zima la ng'ombe likainua vichwa.

Pas de Lona siku ile niliifikia. Niliipanda baiskeli ikiwa begani, bomba likiwa mahali pake kama nilivyojifunza ngazini, na pale juu nikapiga picha nikaituma nyumbani. Mjomba alijibu kwa sauti, sekunde nne tu: "Kule juu ulikuwa unapeleka nini?"

Mashindano ni mwezi huu. Nawe msomaji, kama utakuwa Valais, usimalize nauli yako kwenda Verbier. Mwanzoni kila mtu ni hodari na anatabasamu. Panda Pas de Lona. Njoo na maji, njoo na tende, na unipigie kelele za Kiswahili, maana kengele za ng'ombe nimezichoka. Ila tafadhali sana, ukiniona nimeibeba, usiniulize kama imeharibika.