Mchele Hautibu Waifai

Ifakara tuna dawa moja ya kila kifaa kilichougua, nayo ni mchele. Simu ikitumbukia kwenye ndoo, mchele. Redio ikinyeshewa, mchele. Rimoti ikigoma bila hata kuonja tone la maji, hakosekani jirani wa kuitazama kwa huruma na kuuliza kama imeshalazwa kwenye mchele. Tusilaumiwe. Bonde la Kilombero linatoa mchele unaonukia hadi masoko ya Dar es Salaam, na mtu hutibu kwa alichonacho. Mwaka 2024 kampuni ya Apple iliwaasa wenye simu zake waache kuzifukia kwenye mchele, kwa kuwa chembechembe zake zinaweza kuziharibu. Onyo hilo kwetu halikufika, au lilifika tukadhani wanasema mchele wao.

Mimi ni karani kwenye mashine ya kukoboa mpunga, kwa hiyo unaweza kukisia nilichoshauriwa siku laptopu ya ofisi ilipopoteza waifai. Dawa nilikuwa nimezungukwa nayo, gunia juu ya gunia.

Laptopu yenyewe ni ya mtumba, ilinunuliwa Kariakoo. Mpwa wangu anayesoma Morogoro ndiye aliyeiwekea Ubuntu, akinihakikishia kwamba ni mfumo wa bure na kwamba haudharau mashine zilizozeeka. Ubuntu imejengwa juu ya Linux, iliyoanza mwaka 1991 pale Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki nchini Finland, alipowatangazia wenzake kwamba anatengeneza kitu cha kujifurahisha tu. Ubuntu nayo ilizaliwa mwaka 2004, mwasisi wake Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ambaye miaka miwili kabla alikuwa amepanda chombo cha Warusi akaenda anga za juu na kurudi salama. Basi nikawa na mfumo wa mtu aliyefika angani, na mimi sina makuu: nilitaka unifikishe tu kwenye ruta iliyo ng'ambo ya uwanja wa kuanikia mpunga.

Msimu wa mavuno ulikuwa umepamba moto, Fuso zimepanga foleni, wanunuzi wa Dar wanasubiri kutumiwa bei za siku. Jana yake laptopu ilikuwa imeomba ruhusa ya kusasisha programu, ikapewa, ikamaliza vizuri na hata ikashukuru. Asubuhi ikawaka kama kawaida. Hesabu zipo, picha zipo, saa ipo. Alama ya waifai ndiyo haipo. Haikuwa na mkwaju wala alama ya mshangao. Haikuwepo kabisa, wala mashine haikuonyesha dalili ya kuikumbuka.

Wa kwanza kuja ni Mama, mwenye mashine.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Umeweka bando?"

Hilo ndilo swali la kwanza nchini mwetu, hata taa ikiungua. Nikamweleza kwamba bando lipo, hata simu yake mwenyewe inaingia mtandaoni kwa ruta hiyo hiyo. Akatafakari. "Basi ni pumba," akasema, na kwa kweli ofisi ya mashine ya mpunga haikosi pumba. Kuli mmoja akaja na pampu ya baiskeli, akaipuliza laptopu kila tundu. Pumba zikatoka za kutosha kulisha kuku. Waifai haikutoka.

Akaitwa fundi simu kutoka Kibaoni. Akafungua, akatafuta Windows, asiione. "Mzee, hii imeliwa vibaya," akasema. "Virusi wamekula hadi Windows yenyewe." Dawa yake ilikuwa fupi: tuipige Windows, elfu kumi na tano, na Word humo humo.

"Na hesabu za msimu?"

"Zitafutika. Lakini mashine itakuwa nyepesi."

Mzee mmoja aliyetoka Ulanga na mpunga wake alikuwa kwenye benchi akisubiri zamu. Yeye hakuona ajabu yoyote. Zamani, akasema, kila kitu kilisubiri kivuko pale mtoni, watu, ng'ombe, maharusi na maiti. Tangu Daraja la Magufuli lifunguliwe mwaka 2018, vitu vinavuka Mto Kilombero bila kusimama, matatizo ya kompyuta yakiwemo. Baada yake wakaongea wengine, nao wote waliongea mchele.

Nikampigia mpwa. Alinisikiliza hadi mwisho, pampu na virusi pamoja, kisha akacheka kiasi kisichofaa kwa mjomba. "Mjomba, si uko Ifakara? Hapo watu wanapima malaria kwanza ndipo wanameza dawa. Kompyuta mnaimezesha bila kipimo?"

Maneno yaliniingia. Mji wetu una maabara ya utafiti tangu mwaka 1956, ilipoanzishwa na Mswisi Rudolf Geigy. Leo ndiyo Taasisi ya Afya Ifakara, na mbu wa bonde hili wamechunguzwa kuliko wabunge. Mtoto wa darasa la tatu hapa anajua kwamba homa si lazima iwe malaria, sharti utobolewe kidole kwanza. Ila kifaa kikiugua, sote tunakuwa waganga.

Kipimo kilikuwa na vikwazo viwili. Betri ya laptopu ilishakufa, hivyo haitoki kwenye soketi. Na ndani, injini ikinguruma, simu haisikiki. Tukamweka kuli chini ya mwembe na simu sikioni, mtu mwenye sauti iliyozoea kushindana na injini na kuishinda. Mpwa anamwambia yeye, yeye anapaza, mimi naandika.

"Anasema el-es-pi-si-ai!"

Nikaandika. Dirisha jeusi la kuandikia amri likamwaga orodha ya viungo vyote vya ndani, na kadi ya waifai ikiwemo. Kwa hiyo kadi ilikuwa hai, na mashine inaiona. Ukiongeza herufi mbili za n kwenye amri hiyo, kila kiungo kinaonyesha namba zake: tarakimu nne za kampuni iliyokitengeneza na nne za kifaa chenyewe. Intel, kwa mfano, ni 8086, namba ya kichakataji chao maarufu cha mwaka 1978. Kadi yetu ilikuwa ya kampuni nyingine.

"Anasema aa-ef-kil! Halafu anasema acheni nafasi!"

Waliokuwa wamezunguka meza wakasogeza viti nyuma kwa adabu, na mzee wa Ulanga akainuka kabisa. Ilibidi simu irudiwe ndipo tukaelewa kwamba nafasi iliyotakiwa ni ya kati ya maneno mawili. Jibu likaja: waifai haijazimwa kwa swichi wala kwa programu. Kipimo cha pili nacho kikawa safi.

Cha tatu kilidai neno la siri, ambalo mpwa ndiye aliliweka. Kuli akalitangaza likasikika hadi kwa mama ntilie wa ng'ambo ya barabara. Lilikuwa jina la binti ambaye ukoo wetu haukuwa umeelezwa habari zake. Nikaliandika bila kuuliza, nikabonyeza, na hapo mashine ikakiri kila kitu kwa mstari mmoja wa Kiingereza. Mama akataka kujua imesema nini. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walijitahidi, kwani mwaka 2004 walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili. Lakini Linux ikiumwa hadi ndani kabisa bado hulia Kiingereza, na kilio chenyewe kilikuwa hiki: moduli ya kadi hiyo haipo kwa kiini hiki.

Mambo yako hivi. Katikati ya Linux kuna kiini, programu inayosimamia vifaa vyote. Moduli hizo ni draiva, programu za kukiendesha kila kifaa; nyingi huja ndani ya kiini chenyewe, na kikisasishwa nazo husasishwa. Lakini ziko kampuni zinazoficha siri ya kadi zao. Draiva zao hukaa nje ya kiini na lazima zijengwe upya, ndani ya kompyuta yako, kila kiini kipya kinapoingia. Kazi hiyo hufanywa kimyakimya na chombo kiitwacho DKMS. Lakini hakiwezi kujenga bila faili maalumu zinazoeleza kiini kipya kimeundwaje. Usiku ule kiini kipya kilifika, faili zake hazikufika, na draiva haikujengwa.

Nikamweleza Mama kadiri nilivyoweza. Yeye amekaa na mashine miaka mingi. "Yaani mmebadilisha injini," akasema, "mkanda mkaacha wa zamani." Sijasikia maelezo bora zaidi.

Tiba basi ilijulikana: kupakua faili hizo. Zinapakuliwa kwa intaneti, na intaneti ndiyo iliyokuwa mgonjwa. Mpwa akasema hilo dogo, niunganishe simu kwa waya wa USB, kompyuta itatumia bando la simu. Nikachomeka. Simu ikaanza kuchaji kwa furaha, laptopu haina habari. Waya wa USB wa kawaida una nyuzi nne, mbili za umeme na mbili za kupitishia data. Nyaya nyingi rahisi za mezani pale sokoni zina zile mbili za umeme tu. Tukakusanya nyaya za kila aliyekuwepo, na zote zilichaji tu. Uliofanya kazi ulipatikana kwa dereva wa bajaji aliyekuja kuchukua pumba, naye alitukodishia kwa kilo mbili za mchele. Ndiyo mara pekee siku hiyo mchele ulisaidia.

Faili zikaanza kushuka. Zikafika mbali kidogo, umeme ukakatika. Tawi la mwembe lilikuwa limeangukia waya huko mbele. Sisi tumekaa kati ya Kidatu yenye megawati 204 na Kihansi yenye megawati 180, na tawi moja lilitosha kututenga na zote mbili. Injini ikanyamaza, na kwa mara ya kwanza tukamsikia mpwa kwa masikio yetu.

"Ila Mjomba," akasema, "umeme ukirudi unaweza pia kuwasha kwa kiini cha zamani. Ubuntu huwa haikifuti mara moja. Kwani hukujaribu?"

Hakuna aliyejibu. Umeme uliporudi nikabonyeza Esc wakati wa kuwaka, nikaingia kwenye machaguo ya ziada, nikachagua kiini cha zamani. Alama ya waifai ikajitokeza mahali pake. Bei zikaenda Dar, faili zikapakuliwa, draiva ikajengwa, na kiini kipya nacho kikapata waifai.

Likabaki swali moja: kwa nini faili hizo hazikufika zenyewe? Kuna kifurushi ambacho kikiwekwa mara moja, kila kiini kipya huja na faili zake. Mpwa hakukiweka. Siku anaifunga Ubuntu alichukua faili za kiini kile kimoja tu. "Nilikuwa nabana bando, Mjomba," akasema.

Mama akaweka mikono kiunoni. "Si niliuliza asubuhi?"

Nawe unayetumia Linux, uwe Mlimba, Mang'ula au Malinyi, sikia ya aliyetangulia. Weka kifurushi kiitwacho linux-headers-generic ungali na mtandao. Usifute kiini cha zamani mpaka kipya kikuonyeshe waifai. Ukinunua waya wa USB, ujaribu kwa kuhamisha picha palepale mezani kabla ya kulipa. Na fundi akitaka kuipiga Windows, mwombe kwanza akusomee mashine imesema nini. Asipoweza kusoma, msindikize mlangoni kwa heshima.