Sitaha Si ya Kukanyagwa

Nimeambiwa nizungumze kwa dakika kumi. Aliyepanga dakika kumi hakujua anamwalika nani, kwa hiyo naomba mkae vizuri na mlango ufungwe.

Mimi ndiye Bingwa wa Taifa wa Uundaji wa Manowari za Kubeba Ndege kwa ajili ya Michezo ya Kompyuta ya Kurusha Ndege. Cheo hiki sikupewa na mtu. Cheo cha kupewa hunyang'anywa. Changu nimejitunuku mwenyewe, na wa kunivua bado hajazaliwa.

Kwa faida ya wasiojua: mchezo huo humkalisha mtu mbele ya skrini akajiona rubani. Kampuni ya Microsoft ilitoa wa kwake wa kwanza mwaka 1982, na tangu siku hizo wamejitokeza mafundi wa kujitolea wanaounda ndege, viwanja na meli za kuongeza humo. Modeli ya meli ni maelfu ya pembetatu zilizounganishwa, kisha zikavishwa picha za mbao, rangi na kutu. Wako wanaobana idadi ya pembetatu ili kompyuta isikwame. Hao ni wahasibu. Mimi kompyuta ikikwama, najua sanaa imewasili.

Tuanze na Akagi ya Japani. Ilianza kujengwa iwe meli ya mizinga, Mkataba wa Washington wa mwaka 1922 ukaingilia kati, ikageuzwa kuwa ya kubeba ndege. Ilipoanza kazi mwaka 1927 ilikuwa na sitaha tatu za ndege, moja juu ya nyingine. Kati ya mwaka 1935 na 1938 ikafumuliwa, ikabaki na sitaha moja ndefu. Kwa hiyo mtu akikwambia ameunda Akagi, muulize: ya mwaka gani? Akisitasita, mfute kwenye orodha ya waalikwa wa harusi.

Mnara wake wa uongozi uko kushoto. Manowari karibu zote za aina hiyo duniani ziliuweka kulia. Akagi na mwenzake Hiryu ndizo zilizokwenda kinyume. Bomba la moshi nalo linatoka ubavu wa kulia, kisha linajikunja kuelekea majini ili moshi usiwapofushe marubani. Chini ya bomba hilo, upande unaotazama bahari, nimepiga ribiti moja baada ya nyingine. Rubani hawezi kuziona. Samaki wangeziona, lakini mchezo huo hauna samaki. Akagi yenyewe ilizama kwenye vita vya Midway mwezi Juni 1942, pamoja na manowari wenzake Kaga, Soryu na Hiryu, na mabaki yake yakapatikana mwaka 2019 kwenye kina cha zaidi ya mita 5,000. Hadi leo hakuna aliyeshuka huko akarudi kunipinga kuhusu ribiti zangu.

Sasa twende Enterprise ya Marekani. Humo nimemweka ofisa wa kuongoza utuaji. Mtu huyu alisimama shetrini, upande wa kushoto, ameshika vibao viwili vya rangi kali. Rubani akija juu mno, ofisa ananyanyua mikono. Akija chini mno, anaishusha. Bawa likilala upande, naye analala upande huo. Mambo yakiwa sawa, anapitisha kibao shingoni: kata nguvu ya injini. Ndege inajibwaga sitahani, ndoana ya mkiani inanasa waya wa chuma uliokingama, na mwendo wote unakufa kwenye umbali mfupi. Ikikosa nyaya zote kuna kizuizi, na mbele ya kizuizi zimeegeshwa ndege za wenzake. Wajapani wao waliweka taa za rangi pembeni mwa sitaha, rubani akazilinganisha mwenyewe.

Ofisa wangu ana vifungo vya shati, na kila kifungo kina matundu manne na uzi wake. Mikono yake haisogei. Ingesogea, ingeharibu mikunjo ya shati.

Hapa ndipo wapinzani wangu hukohoa. Katika michezo hii, sura ya sitaha na ugumu wa sitaha ni mambo mawili. Unaweza kuzipaka mbao hadi zikang'aa, lakini usipoiambia programu kwamba hapa ni pagumu, kwake hiyo ni hewa tupu. Ndege itapita kwenye mbao, itapita banda la ndege, itapita chumba cha injini, itatokezea majini. Wananilalamikia kwamba ndege zao zinapita kwenye meli zangu. Nami nawauliza: mlipokuwa mnapita, mliviona vile vitanda vya mabaharia? Vina mashuka!

Wengine wakadhani shida ni mbao, kwa kuwa Wamarekani na Wajapani waliezeka sitaha zao kwa mbao. Nikawaundia Illustrious ya Uingereza, iliyokuwa na sitaha ya chuma cha milimita 76. Januari 1941 ndege za Wajerumani ziliishambulia kwa mabomu kwenye Bahari ya Mediterania, ikanusurika. Mwaka 1942 ikashiriki mashambulizi ya Madagaska, na Kikosi cha Mashariki cha Uingereza kilipoweka makao Kilindini, Mombasa, nayo ilikuwemo. Modeli yangu imeuheshimu unene huo. Ndege bado inapita, lakini inapita kwenye milimita 76 kamili.

Lalamiko la pili ni kwamba meli zangu hazitembei. Wanasema manowari ilipaswa kuukabili upepo kwa kasi: meli ikienda kilomita 50 kwa saa, na upepo ukija kwa kilomita 30, ndege iliyosimama sitahani tayari inapulizwa na upepo wa kilomita 80, hivyo inahitaji mwendo mdogo tu kupaa, na wakati wa kutua meli inaikimbia badala ya kuisubiri. Hesabu hiyo ni sahihi, na haina adabu. Nimezitia nanga meli zangu kwa sababu bibi harusi hapigwi picha akiwa anakimbia.

Rubani ninayemheshimu ni mmoja, James Doolittle. Tarehe 18 Aprili 1942 aliongoza ndege 16 aina ya B-25 kutoka manowari ya Hornet kwenda kuipiga Japani. Zilikuwa ndege za nchi kavu, kubwa mno kushushwa bandani, zikabanana juu ya sitaha. Yake ndiyo iliyotangulia, ikiwa na takriban mita 142 za kukimbilia. Zote 16 zikapaa, na hakuna hata moja iliyorudi kuichafua sitaha. Huo ndio ustaarabu.

Mlinganisheni na kijana mmoja, ambaye jina lake nalitunza kwa ajili ya mahakama. Huyu kaunda Wolverine. Meli ya abiria ya maziwa ya Amerika Kaskazini, ya makaa ya mawe, yenye magurudumu ya makasia ubavuni! Mwaka 1942 jeshi la Marekani liliikata vyumba vya anasa, likaitandikia sitaha ya mbao. Haina banda, haina lifti, haina mzinga. Mwaka uliofuata ikaletewa mwenzake, Sable, naye wa magurudumu vilevile. Zikawa zinatoka Chicago kwenda Ziwa Michigan kufundisha watu kutua; upepo ukilegea somo linaahirishwa, kwa sababu meli hazina mbio. Zaidi ya marubani 17,000 walifuzu humo, akiwemo George H. W. Bush, rais wa baadaye. Ndege zaidi ya mia zilitumbukia ziwani.

Modeli ya kijana huyo ni aibu. Mabomba ya moshi yana pembe, magurudumu ni ya mraba kidogo, mabaharia hawana nyuso. Ila sitaha ni ngumu, nyaya zinanasa, na meli inaufuata upepo ulipo. Basi marubani wamepanga foleni hewani wakisubiri zamu! Nimeyaona kwa macho yangu, nikiwa nimeingia kwa jina la bandia. Nilitua, kwa ajili ya utafiti. Nikapaa nikatua tena, kwa ajili ya utafiti uleule, hadi muadhini akaniita. Matokeo ya utafiti ni haya: meli ile haina ribiti hata moja.

Mheshimiwa Mwenyekiti, napendekeza Wolverine ya kijana huyo iondolewe michezoni ili watu warejee kwenye meli zangu, ambazo kwa sasa zina utulivu mkubwa. Maswali yaletwe kwa maandishi baada ya mimi kuondoka. Na anayetaka kutua, viwanja vya ndege vipo.

Naomba kuwasilisha.