Nazi za Mama Mkwe na Jenereta la Baba Salma

Baba Salma alilinunua gari-nyumba mwezi wa Januari, wakati Minnesota nzima imefunikwa na theluji na hakuna mwenye akili timamu anayewaza kulala porini. Ndiyo maana lilikuwa rahisi. Lina vitanda, jiko la gesi, friji, choo, hata bafu la kuogea ukiwa umejikunyata, na chini ya ubavu wake, ndani ya kisanduku cha bati, kuna jenereta la petroli. Nilimwuliza nyumba tunayolipia kodi ina kasoro gani. Hakunijibu. Alikuwa uvunguni mwa gari na tochi ya simu.

Mwezi wa Juni mama yake akaja kutoka Tanga, na Baba Salma akaapa kwamba bi mkubwa harudi nyumbani bila kuliona Ziwa Superior. Mama alikubali kwa sharti moja: huko tuendako ale wali wa nazi, na nazi iwe nazi. Tui la kopo alishalionja kwetu akalisukuma pembeni. Alisema linanuka bati. Basi tukatafuta nazi tatu kwenye duka la Waasia mjini Saint Paul. Mbuzi ya kukunia ilibaki Tanga, kwa hiyo kazi ikaangukia blenda. Na blenda inataka umeme wa ukutani, volti 120. Betri za gari zinatoa 12. Bila jenereta, wali ungeliwa mkavu.

Hapa inabidi nieleze mambo ya betri, maana niliyasikia kwenye meza ya chakula miezi mitatu mfululizo. Gari-nyumba lina makundi mawili ya betri. Moja ni la injini, kazi yake kuwasha gari. La pili ni la nyumba: taa, pampu ya maji, feni ya hita, kengele ya kugundua gesi. Yametenganishwa ili watoto wakisahau taa usiku kucha, asubuhi bado mwondoke. Kwenye gari letu, hizi betri za nyumba ndizo zinazolipigia stata jenereta. Majira yote ya baridi ile kengele ya gesi ilikuwa ikinyonya umeme kidogo kidogo, hakuna aliyekumbuka kuchomoa waya, na betri ikikaa muda mrefu bila chaji inajifia polepole. Kufika Aprili, betri za nyumba zote mbili zilikuwa maiti. Baba Salma akanunua mpya. Jenereta likawaka kwa kulalamika, gari likiwa limechomekwa kwenye umeme wa nyumba. Akatangaza mgonjwa amepona.

Tulifuata barabara kuu ya 35 mpaka inapoishia, Duluth, kisha tukashika njia ya kandokando ya ziwa. Mama alilitazama lile ziwa muda mrefu, akauliza ng'ambo ni wapi, akaambiwa haionekani. Alitaka kujua kama maji ni ya chumvi. Alipoambiwa hapana, alikosa imani nalo.

Kambini tulipata nafasi nzuri chini ya miti, isiyo na soketi. Mama alipasua nazi kwa mgongo wa kisu, maji akawagawia wajukuu. Baba Salma akabonyeza swichi ya jenereta kwa kidole kimoja, kama mtu anayefungua mkutano.

Tk.

Akabonyeza tena. Tk. Taa ya dari ikafifia, ikarudi.

"Wameniuzia betri kuukuu," alisema. Akatoa mita, akapima: volti 12.6, ambayo ni betri iliyojaa. Akapima tena kana kwamba mita nayo imehongwa. Kisha akakumbuka kitufe kilichopo kwenye dashibodi, cha kuunganisha betri ya injini na zile za nyumba wakati wa dharura. Akawasha gari, injini ikanguruma, akanituma nibane kitufe huku yeye akibonyeza swichi ya jenereta.

Tk.

Kwa maoni yangu hapo ndipo mtu angeacha kuzisingizia betri. Betri za nyumba zimeshindwa, ya injini iliyo hai kabisa imeshindwa: basi tatizo liko mbele, kwenye njia ambayo zote zinapita. Lakini Baba Salma alishaingia mtandaoni kuangalia bei ya stata mpya, na bei yenyewe ilinikalisha chini.

Mama alikuwa kwenye kiti cha kukunja, khanga mbili mabegani, maana Juni ya kando ya ziwa kwake yeye ni kipupwe. Marehemu baba mkwe aliendesha lori Tanga na Arusha, na mama alishakesha naye Mombo na Same zaidi ya anavyotaka kukumbuka.

"Mwanangu, umeshika waya?"

"Nimezikagua zote, mama. Hazijakatika."

"Sikukuuliza kukagua. Nimekuuliza kushika. Piga stata mara tano, sita, halafu zima, upapase kila kiungo. Kilichopata moto ndicho chenye maradhi. Baba yako hakuwa na mita."

Alipiga stata: tk, tk, tk. Mama hakungoja. Aliinama mwenyewe kwenye kile kisanduku, mkono wenye hina ukaufuata waya mwekundu mpaka mwisho, ukarudi na mweusi. Ukashuka chini, pale waya wa ethi wa jenereta unapofungwa kwa bolti kwenye fremu ya gari. Akautoa mkono upesi.

"Hapa! Panaunguza."

Tukamulika. Bolti ilikuwa imevaa ukoko wa kijani na kahawia. Huku barabara zinamwagiwa chumvi wakati wa theluji, na chumvi inarukia uvunguni, inatulia, inakula chuma. Taa inaomba ampia moja au mbili. Hizo zinapenya hata kwenye ukoko. Stata inaomba mia na zaidi, na pale kwenye ukoko zinakwama, zinageuka joto. Ndiyo maana mita ilisema kila kitu kizima.

"Toa kwanza waya mweusi wa betri," mama akasema, "usije ukatuchoma." Spana ilikuwepo, msasa haukuwepo. Salma, kwa uso wa mtu anayetoa figo, akakabidhi tupa yake ya kucha. Baba yake akakwangua mpaka chuma kikang'aa, akakaza.

Safari hii jenereta lilizunguka kwa nguvu, wo-wo-wo-wo, watoto wakapiga makofi. Likazunguka, likazunguka, halikuwaka.

Nilichungulia dashibodi. Mshale wa petroli ulikuwa chini kidogo ya robo.

"Lakini gari linawaka!" alisema Baba Salma.

Linawaka, kwa sababu bomba la injini linafika chini kabisa ya tangi. La jenereta limekatwa juu zaidi, karibu na robo, ili usiku mkifurahia umeme lisimalize mafuta yote mkashindwa kutoka porini. Kitabu cha gari kinasema hivyo. Baba Salma alikuwa amevuka vituo vitatu akitafuta petroli ya bei nafuu zaidi mbele. Tukafunga makabati, tukakunja viti, nyumba nzima ikaenda kituo cha mafuta, nazi zikibingirika ndani ya sinki.

Tulirudi saa tatu na nusu usiku. Kambini kelele mwisho saa nne. Akaibana swichi upande wa kuzima kwa muda ili pampu ivute petroli, akabonyeza kuwasha, likaitika. Mama alikuwa ameshaegemea blenda. Tui la kwanza, tui la pili, chujio, sufuria. Saa nne kasoro dakika chache nikalizima mwenyewe, maana moshi wake una gesi inayoua bila harufu na sikubali kulala nalo likiwaka, kengele iwepo isiwepo.

Jumapili, tukiwa tumerudi, Baba Salma alimpigia kaka yake Tanga. Nilimsikia sebuleni: "Kosa lilikuwa la ethi tu. Nikaliona, nikalikwangua."

Mama aliinuka kwenye kochi, akanyoosha mkono. "Hebu nipe hiyo simu."