Nyumba Inauzwa, Wenyewe Tumefichwa

Kwa Mama, Mama Mdogo, kaka, na wote mnaokaa chini ya ule mparachichi hapo Lemara, Arusha,

Nawaandikia nikiwa ndani ya gari, nimeegesha nje ya duka la vifaa vya ujenzi, mama watoto yuko kando yangu, watoto nyuma, na katikati yao sufuria la makande limefunikwa taulo. Hatujafukuzwa. Nyumba ni yetu, kodi ya jiji tumelipa, ufunguo ninao mfukoni. Ila leo kuna watu wanakuja kuiangalia, na huku Minneapolis nyumba ikionyeshwa mwenyewe hatakiwi kuonekana. Serikali haikusema hivyo, kasema dalali. Eti mnunuzi akikukuta umekaa sebuleni anaona haya kufungua makabati.

Ufunguo mwingine umo kwenye kisanduku cha chuma kinachoning'inia kwenye kitasa. Dalali yeyote mwenye kibali anakifungua kwa simu yake, na hapo hapo simu yangu mimi inaniarifu kwamba saa nne na robo mtu ameingia kwangu. Nikae na makande yangu, nipokee taarifa.

Mnajua nilikolelewa. Pale kwetu nyumba ikiuzwa, anayeuzwa kwanza ni mwenye nyumba. Mnunuzi anakaribishwa chai, anaulizwa ni mtoto wa nani, anasali wapi. Naye anauliza yake: maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, gari linafika mlangoni, kuna hati au ni karatasi ya serikali ya mtaa, mgogoro hakuna? Mke amekubali? Maana Sheria ya Ndoa ya 1971 haimruhusu mume kuuza nyumba ya familia kimyakimya, na mwenyekiti wa mtaa anayejua kazi yake hagongi muhuri mpaka mama atokee mwenyewe. Kisha mnunuzi anarudi na fundi, kisha na mchungaji, halafu usiku mmoja anapita peke yake kusikiliza kama jirani ana baa.

Kwenye jambo moja tu Wamarekani wametufikia. Tangu Agosti 2024, baada ya kesi kubwa dhidi ya chama cha madalali, mnunuzi lazima asaini mkataba wa malipo na dalali wake kabla hajaonyeshwa nyumba. Nilicheka peke yangu. Dalali gani wa Arusha amewahi kukuonyesha hata choo cha nje kabla hujatoa hela ya kuzungushwa?

Sasa niwaeleze jinsi nyumba inavyoandaliwa. Kabla picha za tangazo hazijapigwa alikuja mama mmoja ambaye kazi yake, na analipwa kwa saa, ni kupita majumbani mwa watu na kuwaambia kitu gani kiondoke. Nilidhani atalisema kochi, limechanika. Kochi hakulijali. Alisimama mbele ya ukuta wa picha: harusi yetu, marehemu Baba na lile koti lake, ubatizo wa watoto, Mama umesimama na ng'ombe. Akasema kwa upole mkubwa kwamba zote zitoke, ili mnunuzi aweze kujiona yeye humu ndani. Jirani yangu Mzungu, aliyeuza mwaka jana, naye aliambiwa atoe za kwake. Nilikwenda kuhakikisha.

Baada ya picha, vitambaa. Mama Mdogo, jikaze. Vile vitambaa ulivyofuma kwa mkono wako, vya kochi, vya meza, cha redio, na kile kinachokaa juu ya kitambaa kingine, vyote vimo ndani ya boksi. Aliniuliza ni vya nini. Nikasema ni vya kochi. Akauliza vinafanya kazi gani. Nimekalia makochi yenye vitambaa tangu nizaliwe na swali hilo halijawahi kunijia. Nikasema vinazuia vumbi. Akakiangalia kitambaa, akayaangalia matundu yake, akaandika kitu kwenye daftari.

Ukuta wetu wa kijani umepakwa rangi ya uji uliozidi maziwa, na vyumba vyote sasa ni hiyo hiyo. Kabati la vyombo limebaki na vyombo vichache vilivyosimama mbalimbali, wala havisalimiani. Mezani kuna bakuli la malimau ambayo hayaliwi. Kazi yake ni kupigwa picha. Mwanangu mdogo alichukua moja amkamulie samaki, ikabidi tukae kikao. Na huyo samaki alikuwa wa mwisho, kwa sababu kukaanga kumepigwa marufuku. Badala yake dalali ananishauri nioke biskuti kila wageni wanapokuja, nyumba inukie. Dagaa wa Mwanza mliotutumia wanaishi kwenye buti la gari. Tunawatembelea.

Kaka, wewe kaa chini kabisa. Nimenunua udongo. Udongo, wa kwenye mifuko, na risiti ninayo. Kisha nikanunua magome ya miti yaliyosagwa na kutiwa rangi nyeusi, nikayamwaga juu ya udongo nilionunua ili udongo usionekane. Mimi, niliyekulia kwenye udongo wa Meru, ambako mbegu ya parachichi ukiitupa nyuma ya jiko mwaka unaofuata unagombana na mti!

Mtauliza kwa nini haraka hii yote sasa. Huku nyumba zina msimu, na msimu ni huu. Tangu Novemba theluji ilikuwa imefunika kila kitu, hata nyasi hujui kama ulikuwa nazo. Shule zinafungwa Juni, na wazazi wanataka wawe wamehama kabla hazijafunguliwa Septemba. Basi Aprili na Mei mji mzima unatoka nje na makopo ya rangi. Miezi hiyo hiyo Lemara ni masika, barabara ni tope, na muuzaji mwenye akili anasubiri kiangazi. Mnunuzi mwenye akili hasubiri: anavaa gambuti, anakuja mvua inanyesha, anaona maji yanapita wapi. Huku ukitaka kuona hayo unashuka chini, maana nyumba hizi zina chumba kizima kilichochimbiwa ardhini, na theluji ikiyeyuka maji yanajua njia ya kufika huko.

Hicho chumba cha chini ndicho kilichotuletea mashine.

Iko hivi. Kwenye udongo na mawe kuna urani kidogo, na kadiri inavyochakaa, mwishowe inatoa hewa inayoitwa radoni. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Inapenya kwenye nyufa za sakafu na kukaa ndani, hasa baridi inapowafanya watu wafunge kila tundu, na mamlaka ya mazingira ya Marekani inasema ukitoa sigara, hakuna kinacholeta saratani ya mapafu kuishinda. Tangu tarehe 1 Januari 2014 sheria ya jimbo la Minnesota inamtaka muuzaji amweleze mnunuzi kwa maandishi kama amepima radoni na alipata kiasi gani. Dalali akasema tupime wenyewe mapema.

Akaja kijana na kiboksi kwenye miguu mitatu, akakisimamisha katikati ya chumba cha chini, akatupa masharti. Madirisha yote yafungwe saa 12 kabla ya kupima, yabaki yamefungwa muda wote wa kupima, na muda wenyewe usipungue saa 48. Mlango ufunguliwe wa kuingia na kutoka tu, upesi. Feni za madirisha marufuku. Mashine isisogezwe, ina kitu ndani yake kinachohisi ikiguswa, na itakusema kwenye ripoti. Akaondoka.

Jamani, tuliishi na ile mashine tukiwa na adabu ambayo haijawahi kuonekana katika nyumba hii. Haikulia, haikuwaka taa ya maana, ilisimama tu kule chini inasikiliza ardhi. Nguo zilikuwa zimefuliwa zikabaki huko huko kwenye mashine ya kufulia, hakuna aliyethubutu kuzifuata, na watoto walikwenda shule na soksi zisizofanana. Shemeji, aliyekuja kututembelea kutoka Texas, aliuliza kama inarekodi maneno, akahamishia simu zake zote bafuni. Mimi usiku nilishuka kuichungulia. Nilibana pumzi, maana sikuwa na uhakika kama yangu nayo inahesabiwa.

Majibu yakaja: tumepita 4 kidogo, na 4 ndicho kipimo ambacho mamlaka inasema sasa chukua hatua. Hatua yenyewe ni bomba linaloanzia chini ya sakafu, linapanda ukutani, linatokea juu ya paa, na feni yake inavuta usiku na mchana. Ninalipia umeme wa kuipepea ardhi. Kama ingekuwa kwa luku ningekuwa nimeshakesha gizani.

Lakini sisi wa Arusha hatuna mdomo wa kucheka. Mlima wetu umetia floraidi kwenye maji tangu babu zetu. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na chemchemi na visima vingi kuzunguka Meru vinapita hapo kwa mbali, ndiyo maana meno yetu yametoka na kahawia isiyosugulika. Tofauti ni kwamba radoni haionekani ukicheka. Yule mama wa picha aliangalia kila kitu cha kahawia ndani ya nyumba akakiondoa; mdomoni mwangu aliheshimu.

Kisha fomu. Muuzaji anatakiwa aandike kila kasoro anayoijua. Paa, maji, panya. Kuna kisima? Kuna mtu aliwahi kutengeneza humu methamfetamini? Nikajibu hapana, humu tumepika makande na loshoro. Nikawa nasubiri swali ambalo mchungaji wa mnunuzi wa Lemara angeanza nalo, halikuja. Kumbe sheria ya Minnesota inasema wazi kwamba muuzaji halazimiki kutaja kama kuna mtu alijiua humo, au alikufa humo kwa ajali au kifo cha kawaida, wala kama kuna mambo ya mizimu yanayodhaniwa kuwamo. Yaani wabunge walikaa, wakajadili, wakapiga kura: panya mseme, mzimu hiari yako.

Na majirani hawatajwi. Ukimwuliza dalali mtaa huu una watu gani, anageuka bubu, kwa sababu sheria ya nyumba ya mwaka 1968 inakataza kumchagulia mtu makazi kwa rangi yake, dini yake au asili yake. Nilidhani ni woga tu mpaka nilipoipekua hati ya nyumba yetu, iliyojengwa miaka ya 1920. Mna mstari, umepigwa chapa nzuri, unaosema kiwanja hiki kisiuzwe wala kupangishwa kwa mtu mweusi. Masharti ya namna hiyo yalianza kuandikwa Minneapolis mwaka 1910, na jimbo lilikataza mapya mwaka 1953 tu. Siku hizi hayana nguvu. Nilikisoma kile kipengele nimekaa sebuleni, kwenye kochi lenye kitambaa, nakunywa chai ya tangawizi. Nikaongeza sukari.

Bango limechomekwa mbele ya nyumba, lina picha ya dalali anatabasamu. Watoto walipoliona nikawasimulia jinsi Baba alivyotoka na kopo la rangi nyekundu akaandika ukutani, herufi za kimo cha mtoto, NYUMBA HII HAIUZWI, baada ya tapeli kuleta wanunuzi sisi tukiwa Moshi msibani. Hawakuamini. Mkubwa akauliza: kwa hiyo Lemara nyumba ambazo hazijaandikwa zote zinauzwa? Nikajibu inategemea dalali. Halafu nikakaa kimya kidogo, maana nilitamani sana kuuona ule ukuta, na mlima nyuma yake asubuhi kabla mawingu hayajapanda. Mji huu wa Minneapolis umetandazwa. Nina miaka hapa na bado siijui kaskazini bila simu.

Juzi ikaja barua. Familia moja inayoitaka nyumba imetuandikia kwa mkono, kwa alivyonidokezea dalali: wao ni nani, watoto wao wanapenda nini, mpaka picha wamebandika, na mbwa yumo. Nikasema haya ndiyo mambo, sasa tunaongea na watu! Nikataka niwaite chai. Dalali akaomba nisiisome. Nikiwachagua kwa sababu ya picha yao, walioshindwa wanaweza kudai nimebagua. Anaziita barua za mapenzi. Bahasha anayo yeye. Nasikitika, nilitaka walau nijue mbwa anaitwa nani.

Sasa la hela, kwa sababu najua habari imeshafika Njiro kwamba nauza nyumba Marekani na nimekuwa tajiri. Nyumba hii ina mkopo wa miaka 30. Ikiuzwa benki inakula kwanza, madalali wanafuata, jimbo linachukua chake, na kitakachobaki kinakwenda kwenye nyumba nyingine Brooklyn Park, ambako Waafrika ni wengi na dagaa hawatalala kwenye buti. Kamati ya harusi ya binamu iambiwe mapema, kwa lugha nzuri.

Ila kaka, hili libaki kati yetu. Kile kiwanja cha mtaa wa chini, karibu na mto, nasikia wenyewe wameanza kukitembeza. Kaulize bei. Bado mimi ni raia, ardhi naruhusiwa. Lakini ukitamka neno Marekani tu bei inazaa mapacha, kwa hiyo sema ni cha mwalimu, analipa kwa awamu, na mke wake ni mkali. Usiende na dalali. Na nenda wiki hii, mvua ikiwa inanyesha.

Wenu,
Baba Watoto