Bima Ipo, Bingwa Hayumo

Mwanakwerekwe, Zanzibar, haikosi kitu: soko lipo, mahakama ipo, makaburi yapo. Mkaazi wake akikataliwa na bima kumwona daktari bingwa, ana pa kuanzia na pa kumalizia, na hapo pa kumalizia hapaulizwi kibali.

Bima yenyewe ipo: Zanzibar ilitunga sheria ya Mfuko wa Huduma za Afya mwaka 2023. Lakini kadi si tiba: Tanzania Bara, Machi 1, 2024, hospitali kadhaa binafsi ziligomea bei za kitita kipya cha Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), na wenye kadi wakajikuta wameshika plastiki safi kabisa.

Basi mgonjwa afanyeje? Akiambiwa “hii haimo”, aombe jibu la maandishi. Hakuna kinachobadilisha sura ya karani kama ombi la karatasi yenye saini. Kisha daktari wake aeleze kitaalamu kwa nini bingwa anahitajika, na rufaa ipelekwe kwa aliyekataa. Kampuni binafsi ikikaza shingo, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, Dar es Salaam.

Majirani, kwa upande wao, wameshaamua: mgonjwa anywe habasoda. Nao, angalau, hawajamuuliza namba ya uanachama.