Niko Kikuyu

Mzee alikuja na mbuzi wake, akasimama mbele ya boneti iliyo wazi, akautazama mvuke unavyopanda, akasema, "Mbukwa."

Nikamjibu, "Hapana mzee, ni rejeta."

Kumbe alikuwa ananisalimu kwa Kigogo. Mimi, mtu wa Nairobi, nilidhani ananitajia spea iliyokufa. Mzee alicheka kwa heshima, kama mtu anayekohoa, kisha akakata matawi na kuyatandaza barabarani, mbele na nyuma ya gari. Pembetatu yangu ya kung'aa, niliyoinunua kwa kuwaogopa askari, aliigeuzageuza akaniuliza kama ni ya mtoto.

Tulikuwa karibu na Mayamaya, kaskazini mwa Dodoma, mwezi wa Agosti, upepo umebeba vumbi na mibuyu haina hata jani. Nilikuwa naenda harusi ya rafiki niliyesoma naye. Namanga, Arusha, Babati, Kondoa, karibu kilomita 700 kutoka nyumbani, na nilikuwa nimejipanga kama waziri: kibali cha gari ninacho, kadi ya njano ya COMESA ninayo. Kadi ile ni bima njema sana, ila humlinda yule utakayemgonga. Mimi sikuwa nimemgonga mtu.

Barabara siisingizii. Lami ya kilomita 251 kati ya Dodoma na Babati, iliyofunguliwa rasmi 2018, inateleza kuliko njia yoyote ya mtaani kwetu, na ndiyo iliyoniponza. Tangu Kondoa nilikanyaga mafuta, nikipunguza vijijini tu kwenye kibao cha 50, kwa hofu ya faini ya 30,000. Macho yote yalikuwa kwa askari. Mshale wa joto haukuwa na wa kuutazama.

Fuso la alizeti likasimama. Dereva akaniuliza kama nina kamba. Sina. Akamwamuru utingo wake (kwetu huyo ni tanboi) ashushe ya kwao, ya manila, ndefu ya kutosha kufungia mzigo mzima. Tukaondoka.

Ambaye hajavutwa kwa kamba asizungumzie imani. Injini ikiwa imezimwa, usukani unakuwa mzito kama wa meli na breki ni kama kukanyaga jiwe. Kwenye mteremko kamba inalegea, nawe unalifukuzia Fuso. Kwenye mlima inakaza ghafla, shingo inabaki nyuma. Ilikatika mara tatu. Kila ikikatika, utingo anaruka, anafunga fundo, na kamba inapungua. Mwanzoni nilikuwa nayaona maandishi ya nyuma ya Fuso kwa mbali. Baada ya fundo la pili nikayasoma: "Mwenye haraka atangulie." Tulipofika Makutupora nilikuwa nahesabu misumari ya ubao.

Wakanishusha gereji moja mjini. Fundi alikuwa kijana, grisi hadi kwenye viwiko. Hakuniuliza kitu. Aliipapasa hozi ya rejeta kwa kidole gumba, akaikunja, nayo ikaonyesha nyufa kama kisigino cha kiangazi.

"Kitu kidogo tu hiki, kaka."

Mkono ulikwenda mfukoni wenyewe, kwa mazoea ya nyumbani. Nikaangaza huku na huku nimwone huyo askari. Fundi alikuwa na maana ya hozi. Akataja bei: elfu themanini pamoja na ufundi. Nikashika kichwa. Kisha nikagawa kwa ishirini kupata shilingi za kwetu, nikakiachia.

Ila hozi ya gari langu haikuwepo mjini. Ingekuja kwa basi kutoka Dar es Salaam kesho. Kesho ikaja hozi ya gari jingine. Ikarudi. Ya kwangu ilifika siku ya tatu, harusi imeshaisha na maharusi wamelala. Sikulalamika sana. Serikali ya Tanzania iliamua kuhamia Dodoma 1973 ikaanza kuhamia kwa dhati 2016; ukipima kwa kipimo hicho, hozi yangu ilikuja mbio.

Siku moja ya kuingoja nilikuwa nimekaa kwenye tairi kuukuu, karibu na mama aliyekuwa akiuza zabibu kwenye beseni. Nikamuuliza mtaa huu unaitwaje.

"Kikuyu."

Nilidhani ananitania kwa lafudhi yangu. Akanieleza kwamba zamani tembo alikwenda kunywa maji kijito cha Kikuyu, akanasa topeni, watu wakasema kwa Kigogo "idodomya", yaani amezama, na mji ukapata jina. Nikalitazama gari langu.

Hapo kaka yangu mkubwa akapiga simu. Yeye anakaa Kinoo, nje kidogo ya Nairobi.

"Uko wapi?"

"Kikuyu. Gari limekufa."

"Si ungesema umerudi! Ngoja nije."

Salio lake likaisha. Nikampa fundi simu aichaji, nikaenda kutafuta vocha. Kaka alipiga tena nikiwa sipo, na fundi, mtu mwungwana, akapokea na kumwelekeza: pita stendi, utaliona kanisa, kata kushoto kwenye mti mkubwa, utakuta magari mabovu yamejaa. Kaka alikuwa ameshafika Kikuyu ya kwetu, ile yenye kinamasi cha Ondiri. Akapita steji. Kanisa akaliona. Mti akauona. Magari mabovu akayakuta, tele. Mji gani wa Afrika Mashariki utavikosa hivyo vinne?

Nilirudi nikamkuta fundi anasema, "Basi umefika kaka, muulize huyo mama wa zabibu."

Simu ilikaa kimya muda mrefu.

"Zabibu?" kaka akasema. "Kikuyu?"

Alikuwa amekuja na breki-daun. Mwenye breki-daun alidai pesa yake ya safari, na nilimlipa niliporudi. Zabibu nilizombebea kaka zilifika Namanga zimeanza kunukia divai.