Njia za Mkato za Kufukiza Udongo

Mkulima mwenye haraka! Unataka nyanya za kumfanya jirani asimame njiani azitazame, na hutaki kuvunjika mgongo. Ni haja halali kabisa. Sogea, nikupe njia za mkato zinazofika.

1. Anza kwa kutofukiza. Hii ndiyo njia fupi kuliko zote. Ng'oa mche ulionyauka, suuza mizizi, itazame vizuri. Ukikuta vinundu vilivyovimba ndani ya mzizi wenyewe, visivyobanduka kwa kucha, una minyoo fundo. Mizizi ikiwa safi, kata kipande cha shina ukining'inize kwenye glasi ya maji maangavu. Ukiona uzi wa ute mweupe unachuruzika kutoka penye mkato, huo ni mnyauko wa bakteria. Hapo usinunue dawa ya mvuke: bakteria hao huishi hadi kina ambacho mvuke haufiki, na watarudi. Umeokoa pesa, na hata chai haijapoa.

2. Kama ni minyoo, litume jua. Msimu wa joto kali lowesha udongo, utandaze nailoni angavu igusane na ardhi, fukia kingo, kisha nenda kashughulike na mengine kwa wiki 4 hadi 6. Iwe angavu, maana nyeusi hujipasha yenyewe badala ya kupitisha miale. Ukitaka kuzidisha ujanja, katakata majani ya kabichi au haradali uyachanganye na udongo kabla ya kufunika. Yakioza hutoa gesi zilizo jamaa moja na ile inayotoka kwenye dawa ya dukani.

3. Ukilazimika kununua dawa, kataa bromidi ya methili hata ukiletewa kwa mlango wa nyuma. Itifaki ya Montreal iliipa kisogo kwa kuwa inaharibu tabaka la ozoni, na nchi zinazoendelea zilitakiwa ziache kuitumia udongoni ifikapo 2015. Chukua iliyosajiliwa nchini kwako, kama metamu sodiamu, kisha yaachie maji kazi. Dawa hii ikikutana na unyevu hugeuka gesi, na gesi ndiyo inayoua. Udongo mkavu huiachia ikapotea hewani. Tope huizuia kusafiri. Fumba udongo kiganjani: ushikamane bila kudondosha maji, na ukiusukuma kwa kidole uvunjike. Mabonge yapondwe na mizizi ya zamani itolewe, kwa sababu mnyoo aliye ndani ya mzizi mzima yuko salama kwenye ngome yake.

4. Vaa upendeze. Barakoa ya kitambaa huzuia vumbi, lakini gesi hupita. Tafuta yenye chujio la gesi lililotajwa kwenye lebo, miwani inayoziba pande zote, glavu na buti za mpira. Kibarua naye avae vivyo hivyo, tena bila kukatwa mshahara. Macho yakianza kutoa machozi au koo kuwasha, ondokeni papo hapo. Msimalizie mstari. Mstari uliobaki utangoja. Mapafu hayana spea.

5. Linda maji. Ukipitisha dawa kwenye mipira ya matone, funga valvu ya kuzuia maji yasirudi kisimani. Julai 1991 behewa la metamu sodiamu lilianguka kwenye mto Sacramento, California, na samaki wakafa kwa zaidi ya kilomita 50. Kisima chako ni kidogo sana kuliko mto ule.

6. Funika mara tu unapomaliza, weka alama ya hatari, na watoto, kuku na mbuzi wakae mbali kwa siku zote zilizoandikwa kwenye lebo. Kisha funua, pindua udongo, uuache upumue.

7. Sasa tuliza ile hamu ya kupanda. Chukua chupa mbili zenye mifuniko. Moja itie udongo uliofukizwa, nyingine udongo wa mahali ambapo dawa haikufika. Weka pamba mbichi juu, nyunyizia mbegu za letusi, ufunge. Baada ya siku chache linganisha. Chupa ya kwanza ikidorora, gesi bado ipo: pindua tena, subiri, rudia jaribio. Zikichipua sawasawa, osha buti na majembe yaliyotoka sehemu nyingine ya shamba, leta miche safi, upande.